Ardhi iliyoonekana tupu: kisa cha kuchora kanda kwa kuchanganya watu na mazingira

Kisa chenyewe kwa ufupi

Naandika kisa hiki kwa ajili ya yeyote aliyekaa mbele ya kompyuta akiwa na leya (tabaka za data za ramani) za mvua na udongo upande huu, leya za sensa upande ule, afu kaambiwa "tupe ramani moja". Mimi nilikuwa mtu wa ramani kwenye timu ya watu wanne: mimi, mwanaikolojia mmoja, dada mmoja wa masuala ya jamii, na mratibu. Majina ya mahali, ya ofisi na ya watu nimeyatoa yote, na alama kadhaa za eneo nimezibadilisha ili pasitambulike. Mfuatano wa mambo nimeuacha kama ulivyokuwa.

Kwa kifupi, tulichora ramani iliyokuwa safi kihesabu, ikaonyesha sehemu kubwa ya ardhi kuwa haina mtu, na sehemu hiyo ilikuwa na watu. Ofisi iliyotuagiza kazi ikaanza kuipangia matumizi mapya kabla hatujagundua.

Usuli

Eneo ni bonde la mto. Juu kuna milima yenye mvua ya kutosha na msitu uliobaki, katikati miteremko imelimwa karibu yote, chini ni tambarare kavu ambayo mto unaikata katikati na kutengeneza kinamasi chembamba kirefu kabla ya kuendelea na safari yake. Barabara kubwa ni moja, na mji mdogo unakua haraka pale mteremko unapokutana na tambarare.

Ramani zilikuwepo mbili tayari. Moja ilikuwa ya kanda za kilimo na ikolojia, imegawa bonde kwa mwinuko, mvua na udongo. Nyingine ilikuwa ya kata, na ndani yake idadi ya watu, kaya, umbali wa huduma na hali ya maisha. Kila idara ilikuja kikaoni na ya kwake. Watu wa misitu wakionyesha mahali pa kurudisha miti, watu wa maendeleo ya jamii wanauliza hapo panaishi nani, hakuna anayeweza kujibu kwa sababu mipaka ya ramani hizi mbili haikutani popote. Kata moja ilianzia kwenye ukungu wa mlimani ikashuka mpaka kwenye vumbi la tambarare! Ukichukua wastani wa mwinuko wa kata hiyo unapata namba ya mahali ambapo karibu hakuna nyumba.

Kwa hiyo tukapewa kazi ya kuchora kanda ambazo ndani yake mazingira yanafanana NA maisha ya watu yanafanana, ili mpango wa matumizi ya ardhi utumie ramani moja.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 2008 Erle Ellis na Navin Ramankutty walitoa ramani ya dunia iliyogawa ardhi kwa kuangalia watu na matumizi yao pamoja na uoto, wakapata aina 21, na 18 kati ya hizo zina mkono wa binadamu ndani yake. Mwaka uliofuata Elinor Ostrom aliweka kwenye jarida la Science mfumo wa kuangalia rasilimali, watumiaji wake na taratibu zao za utawala kama kitu kimoja kilichofungamana. Ukisoma unaelewa mara moja. Ugumu unaanza ukishashika data.

Data tulizokuwa nazo

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu nusu ya matatizo yetu yalizaliwa hapa.

Picha za satelaiti tulitumia Sentinel-2, bendi zake kuu zina pikseli za mita 10, yaani kila pikseli ni mraba wa mita 10 kwa 10. Kutoka kwenye hizo tukatoa NDVI, kile kipimo cha ukijani kinacholinganisha mwanga mwekundu na ule wa karibu na infraredi, kinaanzia -1 mpaka 1 na kadiri uoto unavyokuwa hai ndivyo namba inavyopanda. Mwinuko tulichukua wa SRTM, ule uliopimwa kwa chombo cha anga Februari 2000, pikseli za mita 30. Udongo ulikuwa wa mita 250. Mvua ilitoka CHIRPS, mkusanyiko wa makadirio ya mvua ambao unarudi nyuma mpaka 1981, lakini pikseli yake moja ni kama kilomita 5 na kidogo kila upande. Sasa fanya hesabu: ndani ya kilomita 5 kwa 5 zinaingia pikseli 250,000 za mita 10. Namba moja tu ya mvua inagawiwa kwa pikseli robo milioni za ukijani. Programu haitakuambia kitu, itazipanga leya juu ya leya na zote zitaonekana kali vilevile.

Upande wa jamii tulikuwa na sensa kwa kata, na utafiti wa kaya wenye alama za GPS. Alama hizi zina jambo ambalo wengi hawalijui. Kwenye tafiti kubwa za afya na idadi ya watu zile za DHS, alama husogezwa makusudi ili kulinda siri za watu, mjini mpaka kilomita 2, vijijini mpaka kilomita 5, na asilimia 1 ya alama za vijijini mpaka kilomita 10. Utafiti wetu ulitumia utaratibu wa namna hiyohiyo. Ni jambo jema na naliunga mkono kabisa, ila ukichukua nukta hiyo ukaiweka juu ya pikseli ya mita 10 ukasema "kaya hii iko kwenye udongo huu", unajidanganya mwenyewe.

Na picha tulichagua zisizo na mawingu. Nani asingefanya hivo? Nitarudi kwenye hili.

Ramani ya kwanza

Tulianza kwa kata kwa sababu data za jamii zilikuwa za kata na muda ulikuwa mfupi. Tukachukua vigezo 14 vya mazingira na 6 vya jamii, vyote tukaviweka kwenye skeli moja (unatoa wastani, unagawa kwa mtawanyiko), tukaviingiza kwenye k-means, ile njia ya kugawa vitu kwenye makundi kwa kufananisha namba zao. Zikatoka kanda nzuri kwa macho. Mratibu alifurahi sana.

Mwanaikolojia wetu ndiye aliyetia shaka. Akasema, "Hii ramani mbona naijua." Akafungua ile ya zamani ya mwinuko akaiweka pembeni. Zilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Tukafanya jaribio ambalo tangu siku hiyo nalifanya kila kazi: tukatoa vigezo vyote vya jamii, tukaendesha upya, tukaangalia mipaka imesogea kiasi gani. Ilisogea kidogo mno. Yaani watu walikuwemo kwenye hesabu lakini hawakuwa na uzito wowote, ingekuwa sawa tu kama tusingewaweka.

Sababu ilikuwa mbele ya macho yetu. Mwinuko, joto, mvua, upotevu wa maji kwa mvuke na ukijani ni vitu vitano kwenye orodha, ila kwenye bonde kama lile vinapanda na kushuka pamoja, kwa hiyo mlima ulikuwa unapiga kura mara tano na mtu anapiga mara moja. Jingine ni msongamano wa watu. Mji mmoja una namba kubwa kupita kiasi, kwingine kote namba ndogo, kwa hiyo ukiiweka ilivyo inautenga mji tu halafu vijiji vyote vinaonekana sawasawa.

Ramani ya pili, na ile rangi ya njano

Tukabadilisha mambo manne.

Kizio kwanza. Tukaacha kata, tukagawa bonde kwa seli za pembesita za kilomita moja ya mraba. Namba za sensa hatukuzimwaga sawasawa juu ya kata nzima maana ungeishia kuupa msitu watu, tulizigawa kwa kufuata majengo yanayoonekana kwenye picha, penye nyumba nyingi watu wengi, pasipo na nyumba sifuri. Shika hiyo sifuri, ndo itakuja kutuumiza.

Halafu kila upande tukaubana peke yake kwa PCA, njia inayokunja vigezo vinavyoendana kuwa mihimili michache, tukachukua mihimili mitatu ya mazingira na mitatu ya jamii. Tatu kwa tatu. Uamuzi huu haukutoka kwenye takwimu, tuliukubaliana mezani, kwamba tumeagizwa kuchanganya na kuchanganya maana yake pande zote mbili ziwe na sauti. Msongamano wa watu tukauweka kwenye logi (logarithmi, inayopunguza pengo kati ya namba kubwa sana na ndogo) ili mji usimeze vijiji.

Ya nne ilikuwa idadi ya kanda, na hapa tulibishana siku mbili. Tulijaribu kuanzia 2 mpaka 12, tukapima kila moja kwa kipimo cha siluweti, kile alichokitoa Peter Rousseeuw mwaka 1987, kinachoonyesha kila seli imekaa vizuri kiasi gani kwenye kundi lake ukilinganisha na kundi la jirani. Kipimo kikasema kanda bora ni 2: juu na chini. Kweli kabisa, na haina kazi yoyote kwa mpangaji! Kilima kidogo cha pili kwenye grafu kilikuwa 7. Tukachukua 7 tukaandika wazi kwenye ripoti kwamba hatukuchagua namba yenye alama ya juu na kwa nini. Mpaka leo naamini tulifanya sawa, kipimo kinakupa ushauri, ila anayejua ramani inaenda kufanya kazi gani ni wewe.

Safari hii jaribio la kutoa vigezo vya jamii lilisogeza mipaka kwelikweli. Miteremko iligawanyika mara mbili, wanaolima karibu na barabara wakatengana na wanaolima mbali nayo ingawa udongo ni uleule na mvua ni ileile. Dada wa jamii alipoona alisema hicho ndo anachokisema miaka yote.

Na kanda namba 5, kule tambarare, ilitoka na sifa hizi: watu karibu na sifuri, uoto mdogo, mbali na huduma, mbali na soko. Tukaipa rangi ya njano hafifu. Kwenye ufunguo wa ramani mmoja wetu aliandika "ardhi ya akiba", kwa muda tu, ili tusiache nafasi wazi. Tukaituma ofisini kama rasimu. Neno RASIMU halikuwa limeandikwa juu ya ramani yenyewe, lilikuwa kwenye barua iliyoambatana nayo.

Siku ya karatasi

Wiki chache baadaye tulikwenda kwenye vikao vya wananchi kuhakiki. Tulichapa ramani kubwa ya karatasi juu ya picha ya satelaiti, mito na barabara zimeandikwa, tukaitandika juu ya madawati manne yaliyounganishwa darasani, kalamu za rangi pembeni.

Mwanzoni watu walitafuta nyumba zao, ndo kawaida, kila mtu anataka kujiona kwanza. Mama mmoja wa makamo alisimama upande wa tambarare muda mrefu bila kusema kitu. Halafu akaweka kidole kwenye njano.

"Mwanangu, hapa mmeandika nini?"

Nikamsomea. "Ardhi ya akiba, mama."

"Akiba ya nani?"

Nikamweleza kwamba data zinaonyesha hakuna makazi. Akaniambia, "Makazi hayapo, ndiyo. Hapa hatulali. Mvua ikikata ng'ombe wote wa upande wetu wanashuka hapa," na akaifuata kwa kidole ile mistari ya kijani chembamba kando ya mto, "na sisi wanawake tunakata matete hapa na hapa. Sasa mkimpa mtu mwingine, sisi mwezi wa kiangazi twende wapi?"

Mzee mmoja aliyekuwa nyuma akachukua kalamu nyekundu. Nilitegemea atachora duara, kama tulivyowaelekeza. Alichora mstari. Kutoka kijijini kwake, ukapita kwenye pengo la vilima, ukavuka barabara, ukaishia kwenye kinamasi, halafu mkono ukarudi na mstari wa pili njia tofauti kidogo. "Kwenda na kurudi," akasema. Baada yake karibu kila mtu akachora mistari. Jioni ile njano yetu ilikuwa imejaa wino mwekundu.

Nilikaa na karatasi ile usiku. Programu yangu yote ilikuwa imejengwa kwa maeneo yaliyofungwa, na wao walikuwa wananiambia kwamba ardhi ile inaelezeka kwa njia, kwa nani anakwenda wapi mwezi gani. Kitu hicho hakikuwepo kwenye data hata moja niliyopakua.

Kwa nini data hazikuona

Tulipochimba tukakuta kila chanzo kilikuwa na sababu yake halali ya kutoona, na sababu zote zikaangukia mahali pamoja.

Sensa inahesabu watu pale walipolala usiku wa sensa. Anayetumia ardhi mchana, au miezi minne kwa mwaka, anahesabiwa kwingine. Na sisi tukaongeza kosa juu yake kwa kugawa watu kwa kufuata majengo. Boma la muda la miba na matawi halionekani kama jengo kwenye pikseli ya mita 10.

Picha zisizo na mawingu zinatoka zaidi miezi ya ukame, kwa sababu miezi ya mvua mawingu yamefunika. Tulidhani tuna wastani wa mwaka mzima, kumbe tuna wastani unaoegemea kiangazi. Tambarare inapoota nyasi, wiki za mvua, satelaiti inapita juu ya mawingu meupe.

Kinamasi nacho, ambacho kiangazi ndo kijani pekee kule chini, upana wake sehemu nyingi ni mita mia na ushee. Kwenye picha ya mita 10 kinaonekana vizuri tu, tulikiona wenyewe kwa macho. Lakini tulipochukua wastani wa seli ya kilomita ya mraba, ukanda ule mwembamba ukazama kwenye ukavu unaouzunguka. Hili linaniuma zaidi kuliko mengine kwa sababu data tulikuwa nayo tukaifuta wenyewe. Wastani ulikuwa sahihi. Lakini ng'ombe hali wastani, anakula majani yaliyopo mahali yalipo.

Na vigezo vyetu vyote vya jamii, ukivisoma kimoja kimoja, vilijibu swali moja tu, nani ANAISHI hapa. Hakuna hata kimoja kilichouliza nani ANATUMIA hapa.

Maamuzi tuliyofanya baada ya hapo

Uamuzi wa kwanza haukuwa wa kitaalamu. Mratibu alipiga simu ofisini siku ileile kuomba rasimu isitumike. Akaambiwa ramani ilishaingia kwenye mapendekezo ya mashamba mapya, na kipande kimoja cha njano wapimaji wameshaanza kuweka alama. Tukaandika barua rasmi ya kuondoa rasimu, na neno "akiba" tukalifuta kila mahali.

Halafu tukaamua kukusanya leya ya matumizi, kwa vikao, siyo kwa satelaiti. Njia ilikuwa rahisi. Kwenye kila kikao tulichora miezi 12 chini, kila mwezi kisanduku, tukawapa watu kokoto. Kwa kila eneo walilolitaja wanaweka kokoto kwenye miezi wanayolitumia, nyingi wakilitumia sana, chache wakipita tu. Wachungaji waliweka kwanza, halafu wanawake wakaja wakasogeza kokoto kwa sababu miezi ya matete siyo miezi ya malisho, wakabishana, na mabishano yale yalitufundisha kuliko dodoso lolote. Dada wa jamii alisisitiza vikao vya wanawake vifanyike pia peke yao. Alikuwa sahihi, maeneo kadhaa ya matete na kuni hayakutajwa kabisa wanaume walipokuwepo.

Mistari na kokoto tukavigeuza kuwa namba kwa kila seli: makundi mangapi yanaitumia, miezi mingapi, na wanatoka umbali gani. Vigezo vitatu, tukavipa uzito sawa na mihimili mitatu ya mazingira na ile mitatu ya jamii. Mwanaikolojia aliuliza kwa haki kabisa kwamba je, sasa hatujawapa watu theluthi mbili? Tulijadili, tukaamua iwe hivo na tuseme wazi. Tuliendesha pia kwa uzito mwingine, mazingira nusu na mengine nusu, tukaonyesha ni seli zipi zinabadilika kanda. Zilizobadilika nyingi zilikuwa mipakani.

Hapo tukaona tuachane na mipaka mikali kama ya wembe. Tulitumia njia inayoipa kila seli kiwango cha kuwa mwanachama wa kila kanda, mfano 0.6 huku na 0.3 kule. Seli ambayo kiwango chake kikubwa hakifiki 0.5 tuliichora kwa mistari ya mlalo badala ya rangi moja, kwamba hapa ni mahali pa kukutania. Wapangaji hawakupenda, wanataka mstari. Tukawapa mstari kwenye ramani ndogo na mlalo kwenye ramani kubwa, na tukasema ikitokea mgogoro itazamwe ile kubwa.

Seli za kinamasi tukazipima upya kwa asilimia ya kijani ndani ya seli badala ya wastani wa kijani. Badiliko dogo sana kwenye skripti.

Majina ya kanda tuliyarudisha kwa wananchi. Kulikuwa na moja tuliyoiita "tambarare kavu maskini", kijana mmoja akauliza ni nani angekubali mtoto wake asome shuleni kwamba anatoka kanda maskini. Majina mapya yalieleza kinachofanyika: malisho ya mvua, malisho ya kiangazi na matete, mashamba ya barabarani, na kadhalika.

Matokeo

Kanda namba 5 ilivunjika vipande viwili. Tambarare pana ikawa kanda ya malisho ya mvua. Ukanda mwembamba wa kinamasi ukajitenga ukawa kanda kamili, na kwenye ramani tukauunganisha kwa mistari na vijiji vinavyouhitaji, vingine viko zaidi ya kilomita 30 kutoka hapo.

Mapendekezo ya mashamba mapya yaliondolewa kwenye ukanda wa kinamasi. Siyo yote. Kile kipande kilichokuwa kimeanza kupimwa kiliendelea, na kiko kwenye mdomo wa njia mojawapo ile aliyoichora mzee. Mifugo sasa inazunguka. Ile njia ya pili imekuwa na msongamano, na mashamba yaliyo kando yake yanalalamika kukanyagwa.

Miteremko ndo imefaidi zaidi kwa haraka. Kugawanya wakulima wa barabarani na wa mbali kuliwafanya watu wa ugani waache kupeleka ushauri uleule kila mahali, na misitu ikapata sehemu za kurudisha miti ambako wenye mashamba wenyewe walishakuwa wanaacha ardhi ipumzike.

Nini kilifanya kazi, nini hakikufanya

Kubana kila upande peke yake kabla ya kuchanganya kulifanya kazi, ningefanya tena bila kusita. Ukivitupa vigezo vyote kwenye chungu kimoja, upande wenye data nyingi utashinda, na karibu siku zote ni mazingira, kwa sababu satelaiti zinapita bure kila siku chache wakati sensa huwa inakuja baada ya miaka mingi. Wingi wa data za mvua haumaanishi kwamba mvua ndiyo muhimu zaidi pale.

Jaribio la kutoa-uone lilifanya kazi na halichukui hata nusu saa. Toa kundi moja la vigezo, endesha, linganisha. Kama ramani haibadiliki, kundi hilo ni pambo.

Karatasi kubwa ilifanya kazi kuliko skrini. Kwenye skrini mwenye kompyuta ndiye mwenye neno. Kwenye karatasi mama yule aliweka kidole mwenyewe na hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Kilichoshindwa, kwanza ni mpangilio wa kazi. Tuliwapelekea wananchi ramani iliyokwisha ili wahakiki, wakati walitakiwa kuwepo siku tunayochagua vigezo. Swali la "nani anatumia" lingeulizwa siku ya kwanza na mtu yeyote wa tambarare. Sisi tulilipata mwisho, baada ya rasimu kutoka, na gharama yake hatukuilipa sisi.

Neno moja kwenye ufunguo lilifanya madhara kuliko hesabu zote. Seli yenye watu sifuri ni matokeo ya takwimu. "Akiba" ni pendekezo la matumizi. Tulivuka kutoka hili kwenda lile bila hata kuona tumevuka. Siku hizi naandika RASIMU juu ya ramani yenyewe, kwa herufi kubwa katikati, na majina ya muda ya kanda ni herufi tu: A, B, C.

Lililo zito zaidi tuliligundua mwisho kabisa. Kabla ya kufungua leya yoyote, kitu cha kwanza tulichofanya ni kukata kila kitu kwa mpaka wa bonde, pale maji yanapogawanyika. Hakuna aliyebisha, ni mpaka wa asili, unaonekana hauna upande. Lakini ni mpaka wa maji. Mifugo haifuati migawanyo ya maji. Kwenye kikao cha mwisho walikuja wachungaji wawili ambao hatukuwaalika, walisikia kwa watu. Wanatoka ng'ambo ya vilima, nje ya ukingo wa ramani yetu, na miezi miwili kila mwaka wako kwenye kinamasi kilekile pamoja na wenyeji, kwa makubaliano ya wazee ya siku nyingi. Kwenye karatasi yetu kijiji chao kiliangukia kwenye meza tupu, nje ya picha. Mmoja wao alianzisha mstari wake hapo juu ya ubao wa dawati, akauleta mpaka kwenye karatasi.

Muda wa mradi ulikuwa umekwisha. Niliandika miezi yao kwenye daftari, nikapiga picha ya dawati lile na mstari wake, na vyote viwili nimeviweka kwenye kiambatisho cha ripoti pamoja na ombi kwamba ukingo wa ramani usogezwe kabla toleo lijalo halijaanza. Kwenye ramani iliyochapishwa hawamo bado.